Kipande cha Siku Thelathini: Habari za Jamaa Waliohamia Muheza



Mwezi huu twataka kujifunza habari za watu waliohama kwao wakaja kukaa katika nchi ya Bonde, kuuzunguka mji wa Muheza. Wengi katika sharika zetu ni wajukuu na vitukuu wa watu hao. Jina la babu yao lajulikana bado kuwa ni la Ubena, au la Uha, au la Unyamwezi, ingawa wao wenyewe hawajapata kuiona nchi hiyo hata mara moja. Tumechagua somo hili kwa sababu ya swali moja tulilolisikia likiulizwa katika baraza, nasi hatukuweza kulijibu upesi: mtu aliyezaliwa kambini, na baba yake akazaliwa kambini, na babu yake amezikwa nyuma ya kambi, je, huyo ni mwenyeji au ni mgeni?

Swali hili laonekana kuwa jepesi. Lakini kila liulizwapo, nyuma yake pana shamba.

Na tumkumbuke kwanza Ibrahimu. Alikaa miaka mingi katika nchi ya Kanaani, mwenye kondoo na ng'ombe na watumishi wengi, wala hakuwa na ardhi yake hata kidogo. Sara alipokufa, ndipo alipokwenda kwa wana wa Hethi kutafuta mahali pa kumzika. Efroni alisema kwa maneno ya adabu kwamba atampa bure. Ibrahimu hakukubali, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni pa mji. Tazameni jinsi mapatano yale yalivyoelezwa katika Mwanzo sura ya 23: hayakutajwa pango na shamba tu, bali na miti iliyomo pia. Kaburi, miti, na mashahidi. Mambo hayo matatu tutayakuta tena Muheza, maana mzee yule alijua vizuri kwamba maneno ya adabu hayamfai mjukuu.

Sasa tuje kwetu. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1896 ikafika Muheza. Hapo ikasimama, kwa kuwa kampuni iliyoijenga ilikuwa imeishiwa na fedha, na mwaka 1899 serikali yao ilipaswa kuinunua. Korogwe haikufikiwa mpaka 1902, na Mombo 1905. Moshi ilifikiwa miaka michache kabla ya vita vya 1914. Basi kwa muda wa miaka sita hivi Muheza ulikuwa mwisho wa reli. Mtu aliyetoka pwani kwa gari la moshi alishuka hapo, na mtu aliyetoka bara kwa miguu alilisikia gari hapo kwa mara ya kwanza. Twadhani ndiyo sababu mji huu mdogo ulipata watu wa makabila mengi mapema kuliko miji mingine iliyo mikubwa kuupita.

Mashamba makubwa yalikuwa yameanza kabla ya reli. Lewa, mwendo usio mrefu kutoka Muheza, kampuni ya Kidachi ilipanda tumbako. Lakini vita vya Abushiri vilipozuka mwaka 1888 kazi ile ikakatika. Baadaye wakapanda kahawa milimani, katika Usambara ya Mashariki, na shamba la Derema lilianzishwa mwaka 1891. Msitu wa huko ni mnene, miti yake ni mirefu ajabu, na kila aliyeuona alisema kwamba ardhi inayolea miti ya namna hii italea chochote. Haikuwa hivyo. Mvua nyingi imekwisha kuiosha ardhi ile chakula chake, na rutuba ya msitu imo katika majani yaangukayo na kuoza juu juu. Miti ilipokatwa, rutuba ikaondoka pamoja nayo. Mibuni ilistawi miaka michache, kisha ikadhoofika. Tangu 1902 palikuwapo Amani chuo cha wataalamu wa mimea, nao walichunguza jambo hili sana, lakini fedha nyingi ilikuwa imekwisha kupotea.

Mkonge ndio uliokaa. Asili yake ni nchi ya Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu mmoja wa Kidachi, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Safari ya baharini ilikuwa ndefu, ikapitia Hamburg, na mingi ikafa njiani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge yaliyoenea baadaye kutoka pwani hata Kilosa na Morogoro yalianza na miche ile 62. Nao mkonge ulikuwa mgeni kama watu waliokuja kuukata, ila hakuna aliyepata kuuliza kama mkonge ni mwenyeji.

Nani ataukata? Hilo ndilo lililokuwa jambo gumu. Wabondei, Wadigo na Wasambaa walikuwa na mashamba yao ya kuwatosha, wala hawakuona sababu ya kuacha mihogo yao na kumkatia mtu mwingine majani yenye miiba. Karibu na mwaka 1892 kampuni ya Kidachi ilileta kwa meli mamia ya Wachina na Wajava, walioandikwa Singapore. Wale hawakudumu. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wakubwa walitumia njia nyingine: kila mwanamume alipewa karatasi, akapaswa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Na wengine wakatafutwa mbali. Wanyamwezi walikuwa wameizoea njia ya pwani tangu siku za misafara ya pembe, nao walikuja, wengine wakiwa na wake zao, wakajenga karibu na mashamba. Twaweza kusema kwamba hao ndio waliokuwa jamaa za kwanza kukaa katika nchi ya mkonge kwa kukusudia.

Wazungu nao walikuwa wahamiaji, tusisahau. Amri ya serikali ya Kidachi ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na mtu wa serikali ndiye aliyeamua ipi haina mwenyewe. Konde lililoachwa lipumzike miaka mitano, kama ilivyo desturi ya kilimo chetu, machoni pake lilikuwa pori tu. Hivyo makampuni yalipata mashamba makubwa mno. Jamaa za Wazungu wakulima wadogo walikuwa wachache Bonde, kwa sababu mkonge wataka mashine kubwa na fedha ya kungojea miaka mitatu au zaidi kabla ya kukata jani la kwanza. Waliowekwa kama wakulima hasa walipelekwa Meru: Makaburu kutoka kusini, na jamaa za Wadachi waliokuwa wamekaa Urusi tangu zamani za babu zao. Mpango wa hao Wadachi wa Urusi haukufanikiwa.

Hapa yafaa tutupe macho mbali kidogo, hata nchi ya Kanada. Maana watu wa namna ileile, Wadachi wa Urusi, wengi wao Walutheri, walihamia huko kwa maelfu, na huko walikaa. Tukilinganisha nchi hizi mbili tutaona vizuri zaidi jambo lililowapata babu zetu.

Katikati ya Kanada mna nchi tambarare pana, isiyo na mlima wala msitu, ambako majira ya baridi hudumu miezi mitano na zaidi na maji huganda kuwa kama jiwe. Serikali ya huko ilitoa sheria mwaka 1872 kwamba mwanamume mwenye umri wa kutosha aweza kujiandikia eka 160 kwa ada ya dola 10. Alipaswa kutimiza masharti matatu tu: akae juu ya ardhi hiyo muda wa miaka mitatu, ajenge nyumba, alime sehemu yake. Akiyatimiza, hupewa hati, na ardhi ni yake na ya watoto wake. Reli ilivuka nchi nzima mwaka 1885, na watu wakaja kutoka pande nyingi. Waisland walikuwa wamekwisha kufika Gimli mwaka 1875, na mwaka uliofuata ndui ikawaua wengi. Wakaja Waukraine, na Wanorwe, na Wadachi wa Urusi. Kwa kuwa hapakuwa na miti, wengi walikata udongo pamoja na mizizi ya majani yake, wakaupanga kama matofali, wakajenga nyumba ya kwanza hivyo. Mvua ikinyesha nje, matope yalidondoka ndani siku mbili baada ya mvua kukoma. Wengi walishindwa, wakaiacha ardhi kabla ya miaka mitatu kutimia.

Hatusemi haya ili kuisifu nchi ile kupita kiasi. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, makabila waliokuwa wakiwinda nyati, nao waliingizwa katika mikataba tangu 1871 wakabakiwa na vipande vidogo vya nchi yao. Tena mwanamke hakuweza kujiandikia eka hizo, isipokuwa awe mjane au mwenye kulea watoto peke yake, ijapokuwa wote walijua ni nani aliyekamua ng'ombe wakati wa theluji. Lakini angalieni hesabu yenyewe. Mhamiaji wa Kanada alihesabu miaka 3, na mwisho wa hesabu alipata ardhi. Mhamiaji wa Muheza alihesabu siku 30, na mwisho wa hesabu alipata ijara yake na karatasi nyingine tupu ya siku 30.

Karatasi hiyo ndiyo kipande. Vijana wengi wamelisikia neno bila kukiona chenyewe, basi tuwaeleze. Kilikuwa kadi yenye miraba 30, kila mraba siku moja. Asubuhi na mapema kengele au kipande cha reli kiligongwa, watu wakajipanga, nyapara akawagawia kazi. Mkata mkonge alipewa idadi ya mafungu, na kila fungu ni majani 30. Huyakata, huondoa mwiba wa ncha, huyafunga, huyachukua kichwani hata kwenye reli ndogo ya shamba. Akimaliza mafungu yake, mraba mmoja hutiwa alama. Asipomaliza, kwa kuumwa au kwa kukatwa au kwa mvua, siku ile haikuhesabiwa, hata akiwa amefanya kazi mpaka saa nane. Kwa hiyo kipande cha siku 30 kiliweza kuchukua siku 40 na zaidi. Ijara ilitolewa kipande kilipojaa.

Majani yalipelekwa korona, yaani mashine ya kukwangua, ambayo sauti yake ilisikika mbali na harufu yake mbali zaidi. Katika uzito wote wa jani, katani ni kama sehemu 4 katika 100. Nyingine yote ni maji na takataka. Wanawake walianika katani juu ya kamba uwanjani, na wengi walipalilia mistari ya mkonge. Mkonge ukikomaa huchomoza mlingoti mmoja mrefu wenye maua, kisha hufa. Wazee wa kambi walikuwa wakihesabu umri wa watoto wao kwa hiyo: huyu alizaliwa eneo lile lilipotoa milingoti mara ya kwanza.

Waliotoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyoitwa SILABU, nayo ilitafuta watu Kigoma, Kasulu, Njombe, Songea, na hata Warundi walikuja. Wamakonde wa upande wa Msumbiji walikuwa wamekwisha kuja kwa miguu yao wenyewe. Wale waliokuja na wake zao walipendwa na wenye mashamba, kwa kuwa mwenye mke hakimbii upesi. Hapo twaona ugeugeu wa mambo. Mwenye shamba alitaka jamaa zikae. Ila hakutaka wawe na kitu kitakachowafanya wakae bila yeye.

Tulizungumza na mzee mmoja wa Kiha katika kambi isiyo mbali na Muheza, nasi hatulitaji shamba lenyewe. Alituonyesha kopo la bati, na ndani yake kipande chake cha mwisho. Miraba 27 ilikuwa na alama, mitatu mitupu. Kazi ilisimama kabla hakijajaa, na fedha ya siku zile 27 hakuipata. Tukamwuliza kwa nini amekitunza miaka yote hiyo. Akasema, «Hii ndiyo karatasi pekee yenye jina langu na jina la mahali hapa pamoja.»

Maisha ya kambi yalikuwa magumu, lakini tusidhani kwamba yalikuwa huzuni tupu. Nyumba zilipangwa mstari, kila mstari una watu wa kabila lake mara nyingi, na Jumamosi jioni ngoma za nchi nne zilisikika kwa wakati mmoja. Utani uliwasaidia sana. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulianza katika njia za misafara; kambini ulipanuka, makabila ambayo hayakupata kuonana zamani yakajitafutia sababu ya kutaniana. Na kazi kubwa ya mtani ni msibani. Mtu akifa mbali na kwao, hana ndugu wa kumwosha wala wa kumchimbia kaburi, mtani ndiye aliyesimama mahali pa ndugu, akachimba, akafanya mizaha yake hata waliaji wakacheka. Twajua kwamba walimu wengine wa zamani waliichukia mizaha hiyo kaburini. Sisi twaona afadhali kaburi lenye mtani kuliko kaburi lisilo na mtu.

Lugha nayo ilibadilika. Mama Mbena na baba Mmakonde walisemaje na mtoto wao? Kwa Kiswahili. Kwa hiyo watoto wa kambi walikisema Kiswahili nyumbani tangu kunyonya, wakati watoto wa vijiji vingi vya bara walikuwa wakikijifunza shuleni. Wabena Walutheri waliokuja na vyeti vyao vya ubatizo walikuta kwamba jirani zao Wakristo wengi ni wa misheni ya Kiingereza ya Magila. Wengine wakaungana nao, wengine wakakusanyika chini ya mwembe na kuimba nyimbo zao mpaka walipopata mwalimu. Sharika kadhaa za leo zilianza hivyo.

Tumetaja mwembe. Sasa tufike kwenye jambo lenyewe la somo hili, nalo ni mti.

Pwani yote mti una maana kubwa. Shamba la mnazi au la mchungwa si sawa na konde la mihogo. Mihogo huivuna na kuondoka. Mti hukungoja, nawe huungoja, na mwenye kupanda mti amesema mbele ya majirani kwamba atakuwapo miaka 10 ijayo, au mwanawe. Kwa hiyo mgeni aliyeomba mahali pa kulima aliambiwa na mwenyeji: lima mahindi, lima mihogo, lakini usipande mti. Mwenye shamba la mkonge aliijua desturi hiyo vizuri, naye akaishika. Jamaa wa kambi waliruhusiwa kulima vyakula pembezoni na katika maeneo yaliyopumzishwa, kwa maana hiyo iliwapunguzia posho. Lakini mti wa kudumu, hapana. Aliyepanda mchungwa aliambiwa aung'oe. Tazameni Muheza leo: wilaya hii inajulikana kwa machungwa, na magari huyachukua hata Kenya. Kisha ingieni katika kambi za zamani. Mtaona mahindi, mihogo, mapapai. Mchungwa ni wa kutafuta.

Wenye mashamba wenyewe walibadilika kama nguo. Baada ya vita vya 1914–1918 mashamba ya Wadachi yaliuzwa kama mali ya adui, na Waingereza, Wagiriki na Wahindi wakayanunua. Wadachi wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925, wengine wakapata mashamba tena. Vita vya 1939 vilipoanza wakakamatwa, mashamba yakachukuliwa mara ya pili. Uhuru ukaja mwaka 1961. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani zaidi ya tani 200,000, nayo ilikuwa fedha kubwa kuliko zote za biashara ya nje. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua mashamba mengi. Lakini bei ilikuwa imekwisha kuanguka, kwa sababu kamba zilianza kutengenezwa kwa nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli, na mwaka 1990 katani yote ya nchi ilikuwa kama tani 33,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba yakauzwa tena kwa makampuni. Mengine yakaachwa, mkonge ukamezwa na vichaka.

Basi Mdachi alikwenda, Mwingereza alikwenda, na jamaa nyingi za Wagiriki zilikwenda. Waliobaki palepale, katika nyumba zilezile za mstari, ni wale walioandikwa kwa siku 30.

Na wamebaki juu ya nini? Hapa twawaomba walimu wasome polepole, maana wengi hukosea. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, nayo imegawanyika: iko ardhi ya kijiji, iko ardhi iliyohifadhiwa, iko ardhi ya jumla. Juu ya ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji yaweza kumpa mtu haki ya kimila na hati yake. Lakini shamba kubwa lenye hati ya miaka mingi si ardhi ya kijiji, hata ikiwa limezungukwa na vijiji pande zote na kambi yake ina watu kuliko kijiji. Halmashauri haiwezi kugawa kile isicho nacho. Kwa hiyo mtu wa kambi aweza kuwa mpiga kura, mzee wa usharika, na fundi anayejulikana wilaya nzima, wala asiwe na hatua kumi za ardhi za kumwachia mtoto.

Yako matumaini. Katika mashamba fulani ya Korogwe, kama Hale na Ngombezi, tangu mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa kuwagawia wakulima wadogo maeneo ya mkonge, wapande na kukata wenyewe na kuuza kwa kiwanda. Si sawa na kumiliki. Wengi wamelalamika juu ya mapato, na sisi hatuwezi kusema kwamba kila lalamiko ni la haki au si la haki. Tena katika wilaya ya Muheza yenyewe serikali imefuta hati za mashamba kadhaa yaliyoachwa, ili ardhi igawiwe upya. Ndipo baraza hukaa. Ndipo swali lile la mwanzo huulizwa: nani mwenyeji? Wabondei husema, na wana haki kusema, kwamba ardhi ile ilikuwa ya babu zao kabla ya amri ya mwaka 1895. Watu wa kambi husema kwamba damu na jasho lao limo ndani. Wote wawili husema kweli. Hatudhani kwamba mmoja apaswa kunyamazishwa ili mwingine asikiwe. Lakini tumeona kwamba Mbondei huweza kuonyesha minazi na kaburi la babu yake, na majirani humshuhudia. Mtu wa kambi husimama mikono mitupu, kwa kuwa mti alikatazwa, na kaburi halikuandikwa popote.

Makaburi yapo. Yako nyuma ya kambi, mara nyingi chini ya mwarobaini au pembezoni mwa eneo la mkonge, na mengi yana vilima vya udongo tu, au chupa iliyochomekwa kichwani. Wanaojua ni nani aliyelala wapi ni wazee wa miaka 80 na zaidi, na kila mwaka wanapungua. Jembe la trekta likipita mara moja, hata wao hawataweza kuonyesha.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa mitaa iliyo karibu na mashamba wafanye kazi hii kabla ya mvua za masika. Chukua daftari. Mwombe mzee wa kambi akutembeze, na mchukue mtu wa kijiji cha jirani, Mbondei au Mdigo, awe shahidi pamoja nawe. Maana ushuhuda wa watu wa kambi peke yao utaitwa ushuhuda wa mwenye shauri. Kwa kila kaburi andika jina la marehemu na jina la baba yake, nchi aliyotoka, mwaka wa kuja kama unajulikana, kazi aliyofanya shambani, mwaka wa kufa, na majina ya watoto waliobaki. Usiache wanawake, hao walikufa bila kipande, na jina lao halimo katika karatasi yoyote. Usiulize dini kwanza. Waislamu, Wakristo, na wasio wa dini hizo wamelala mahali pamoja, na daftari ni moja. Ukiambiwa habari mbili zinazopingana, ziandike zote mbili na jina la kila msemaji. Mti wowote wa zamani uliosimama hapo, uandike na wenyewe, na aliyeupanda, kama wamjua.

Andika kwa wino, si kwa kalamu ya risasi. Ukimaliza fanya nakala mbili: moja ikae kwa mzee wa kambi, moja katika sanduku la vitabu vya usharika, na daftari lenyewe ulichukue baraza litakapoitwa.